Ubao Mweusi wa Kisenge

Kidole kimoja hakivunji chawa. Anayebisha na ajaribu. Kichwa anacho, na chawa hawakosekani. Huko Kisenge, mji wa Kongo unaochimbwa madini ya manganezi, vumbi jeusi hulala juu ya mabati, juu ya mihogo, na nadhani hata juu ya ndoto za watu.

Katika shule moja ya huko, mtoto aliyetengenezewa benchi na baba yake alikaa mbele, na akina baba waliwatengenezea wavulana tu. Wasichana walikaa sakafuni, nyuma kabisa. Ubao ulikuwa umechakaa ukawa wa kijivu, na chaki ilionekana kwa wa mbele peke yao. Falonne, msichana wa miaka kumi na miwili, alinakili alichokikisia, na alama zake zilitia huruma.

Baba yake, Tata Mukalay, mchimbaji, alikuwa amekata shauri. "Egzame ya Alhamisi, ukianguka, utabakia ku nyumba kusaidia mama yako," alimwambia kuhusu mtihani uliokuwa unakaribia. "Masomo haikamatake kila muntu."

Adhuhuri moja yenye joto, Falonne alisinzia pale sakafuni. Akaona ubao mweusi tititi kama maji ya kisima, na herufi nyeupe zikitua juu yake moja moja, taratibu, kama yangeyange shambani. Kila herufi iligeuka ikamwita jina. Alipozinduka, alilia.

Jumamosi alikwenda shuleni peke yake. Alikuwa amesikia kwamba zamani ubao ulipakwa vumbi la manganezi na maji ya sombe, yaani majani ya muhogo. Akatwanga, akakamua, akapaka. Lakini kabla hajafika katikati, alikoanzia kulikuwa kumekauka na kuanza kubanduka. Ubao ukabaki na mabaka kama ndizi iliyoiva kupita kiasi.

Jumatatu, Mwalimu Nkulu aliandika, na hakuna aliyeweza kusoma. Gael, kijana wa benchi la kwanza, aliona weusi kwenye kucha za Falonne, akaruka juu.

"Falonne, weye umeharibisha tablo yetu! Sasa ata shiye ba mbele hatuone kintu!"

"Njo vile shiye ba nyuma tunaonaka kila siku," Falonne alijibu.

Mwalimu Nkulu aliweka chaki chini, akaenda nyuma, akaketi sakafuni katikati ya wasichana. Miaka mitatu alikuwa amefundisha pale, na hakuwahi kuketi hapo. Alitazama ubao kwa muda mrefu, akaona haya.

Akamwita bibi yake Falonne, Nkambo Ndaya, aliyeijua dawa hiyo ya ubao tangu zamani. Bibi alicheka hadi akashika kiuno.

"Mutoto wangu, iyi dawa haingojake muntu moja. Inakauka mbio! Mikono yote, mara moja."

Basi wavulana wakatwanga, wasichana wakakamua, na wadogo wakapokezana ndoo. Benchi zikapangwa ukutani zikawa ngazi, na Gael na Falonne wakapaka bega kwa bega. Kabla jua halijafika utosini, ubao wote ulikuwa mweusi. Mikono ya watoto nayo ilikuwa myeusi hadi viwikoni, na hapakuwa na wa kutofautisha mkono wa mbele na mkono wa nyuma. Benchi ziliporudishwa, kila mmoja aliketi alipopata.

Alhamisi, chaki ilipogusa ubao, herufi zilitua nyeupe, moja moja, kama zile za ndotoni. Falonne aliziona zote.

Matokeo yalipotoka, Tata Mukalay aliigeuzageuza karatasi. Hakujua kusoma, na hakupenda kusema hivyo.

"Unisomee, mama," alimwambia binti yake kwa upole.

Falonne akasoma: amefaulu. Baba akajipangusa macho, akasingizia vumbi. Jumamosi iliyofuata alifika shuleni na benchi begani, refu la watoto sita.

"Ni ya Falonne?" Gael aliuliza.

"Ni ya wote," alijibu Tata Mukalay. "Kuja, unisaidie kubeba. Ni nzito."

Hata yeye, mchimbaji mwenye mabega yake, alikuwa ameelewa: kidole kimoja hakivunji chawa.