Kinda la Korongo Kwenye Matete

Wahenga hawakumsifu simba kwa ngurumo yake, walimsifu kwa hatua zake. Anayenyemelea ndiye anayeshiba. Mwenye makelele hubaki akililaumu pori. Asiyeamini na asikilize habari ya mpiga picha wa harusi na dada yake, fundi cherehani.

Nyuma ya ofisi ya hifadhi ya ndege palikuwa na bwawa la matete. Kamati ilitaka kulifukia ili kupanua maegesho ya magari. Mlinzi mkuu, mama asiyepepesa maneno, alipinga katakata akisema korongo wanazalia humo. Akaambiwa alete picha ya kinda kabla ya kikao cha Ijumaa, la sivyo tingatinga litaingia Jumamosi. Akawaita ndugu hao wawili: kaka kwa sababu ndiyo kazi yake, dada kwa sababu kila siku ya mapumziko hakuonekana kwingine ila hapo, na kikamera chake kikuukuu.

Kaka alitangulia Jumatano, lenzi yake nene kama mchi. Tusimpunje, alikuwa hodari. Hakuna bibi harusi aliyewahi kumlalamikia. Ila alizoea kupiga makofi mawili ili watu wainue nyuso. Korongo mama alipotokea ameinamisha kichwa, mazoea yakamponza: pa, pa! Bwawa zima likaruka. Alichoambulia ni picha ya miguu angani.

Alhamisi ikawa zamu ya dada. Miaka ishirini ya kubana pini midomoni ilikuwa imemfunza kunyamaza kutwa bila kuona taabu. Alijifunika gubigubi shuka aliloliunga kwa mabaki ya vitambaa vya rangi ya udongo na majani makavu, akaketi topeni. Mbu wakamla, mguu ukafa ganzi. Alasiri mdogo wake, yuleyule mpiga picha wa harusi, aliyejibanza nyuma yake, alichoka.

“Dada, twende zetu,” alinong'ona. “Hawa hawarudi tena.”

Dada alimfinya tu.

Kitambo kidogo, korongo akarejea, akatua, akatazama kila upande. Kisha matete yakatikisika na kinda likatoka likipepesuka, manyoya rangi ya asali, likasimama chini ya tumbo la mama yake. Jamani, lilipendeza! Kaka alibana viganja vyake katikati ya magoti. Dada akabonyeza mara moja.

Ijumaa wanakamati waliipokezana picha ile, na mwenyekiti akaufuta mpango wa maegesho. Mlinzi mkuu alitokwa na machozi waziwazi. Wote wakamgeukia mwenye lenzi nene kumpongeza.

“Siyo yangu,” alisema. “Mimi niliwafukuza. Dada yangu ndiye aliyewangoja.”

Hapo hata yeye, bingwa wa makofi, alikiri kwamba simba mwenda kimya ndiye mla nyama.