Mtoto wa Masele Aitwe Nani?

Sogeeni karibu. Kuna shauri limenishinda, huenda nyinyi mkaliweza.

Hapa Mwanza kuna bendi ya roki iitwayo Kokoto, ya watu watatu tu. Ngwashi ni fundi wa kuchomea mageti, na ndiye mpiga gitaa. Ana sikio la ajabu. Bawaba ikilia mlangoni, yeye anasikia tuni. Mbuke ni mwalimu wa shule ya msingi. Anatunga maneno na kuyaimba, na ukishayasikia hayakutoki. Shija anapiga dramu. Huyu si mwongeaji, na kipaji chake ni kujua kitu gani kipunguzwe.

Mbuke alikuwa na kaka, Masele. Masele alipoacha chuo alikorofishana na mama yao, akafunga begi akaondoka. Kwa miaka minne hakupiga simu, na namba yake haikupatikana. Mama hakumtaja. Lakini kila jioni alipopakua chakula alipakua na cha Masele, akakifunika kwa sahani nyingine, na asubuhi akawapa kuku.

Siku moja Kokoto wakaingia studio ya fundi mitambo mmoja, Audax, kurekodi nyimbo tano. Mkononi walikuwa na nne tu.

Ngwashi akasema, "Kuna kitu ninacho, ila hakina mwisho."

Akapiga. Ilikuwa tuni fupi, inapanda taratibu kisha inashuka ghafla, kama mtu anayeanza kusema neno halafu analimeza. Alikuwa amehangaika nayo miaka miwili.

"Rudia," Mbuke akasema. Akarudia. "Tena."

Mara ya sita Mbuke alikuwa ameketi sakafuni, anaandika nyuma ya karatasi ya mtihani wa darasa la nne. Aliandika habari za ile sahani. Hakuwahi kuwaambia wenzake jambo hilo. Alipofika kwenye kiitikio akaimba, "Chakula chako tumekifunika, kimepoa lakini kipo," Ngwashi akakosea nyuzi, akaomba waanze upya.

Wakaurekodi mara nne. Kila kitu kilikuwepo, na bado wimbo ulikuwa mzito, haunyanyuki. Ndipo Shija akaweka vijiti chini.

"Ubeti wa pili utoke."

"Huo ndio ninaoupenda kuliko yote," Mbuke akasema.

"Unamfokea."

"Ni kaka yangu. Nina haki ya kumfokea."

"Unayo," Shija akasema. "Ila wimbo wenyewe unamwita. Humwiti mtu huku unamfokea."

Mbuke akatoka nje, akakaa kwenye ngazi muda mrefu. Aliporudi aliufuta ubeti kwa kalamu bila kumtazama mtu. Shija hakuishia hapo. Kwenye kiitikio cha mwisho akataka gitaa linyamaze na dramu zinyamaze, ibaki sauti ya Mbuke na kiganja chake yeye kikipiga gotini. Ngwashi alinuna, maana hapo ndipo alipotaka kuonyesha ufundi wake. Lakini alinyamaza. Walipomaliza, Audax alivua hedifoni, akasema, "Huu msiuguse tena."

Wimbo ukapigwa redioni. Baada ya miezi miwili simu ya mama ikaita.

"Mama," sauti ikasema, "bado mnakifunika?"

Masele alirudi kutoka Mbeya na mke, na mtoto wa wiki tatu ambaye hakuwa na jina bado. Mama akapika, akawaita Kokoto wote, na mimi jirani nikaalikwa. Tulipokwisha kula, Masele akatusimulia.

"Nilikuwa gereji, chini ya lori. Lile gitaa likanitoa uvunguni. Sikujua kwa nini, nilitaka tu kulisikia vizuri. Niliposikia habari ya sahani nikajua ni nyumbani kwetu, nikanyoosha mkono nizime redio. Mara vyombo vyote vikanyamaza. Ikabaki sauti ya Mbuke, kama amesimama palepale mbele yangu. Mkono ukanishuka. Nikaomba simu ya mwenzangu."

Mama alikuwa amempakata mjukuu. Akasema, "Mtoto huyu atachukua jina la aliyenirudishia mwanangu. Mmoja tu. Semeni ni nani."

"Mwite Mbuke," Ngwashi akasema. "Mimi tuni yangu nilizunguka nayo miaka miwili, haikumrudisha mtu yeyote. Halafu huyu ni wa kike, ataitwaje Ngwashi?"

"Jina si kaptula," mama akasema. "Mbuke, wewe unasemaje?"

"Mimi nilitaka kumgombeza, mama. Ningeachwa nifanye nilivyotaka, sijui kama angekuwa ameketi hapa. Aitwe Shija."

"Mimi nilipunguza tu," Shija akasema. "Unapunguza kilicholetwa na wengine. Ngwashi asingeleta kitu siku ile, tungerudi nyumbani na nyimbo zetu nne. Aitwe Ngwashi."

Masele alipoulizwa alitikisa kichwa, akasema hawezi kuchagua. Mama akanigeukia mimi, mtoto amelala mkononi mwake, nami nikamwomba anipe muda niwaulize wengine. Anasubiri hadi sasa.

Nyinyi mmesikia yote. Je, mngempa mtoto jina la nani, na wale wawili mngewaambia nini?