Bi Mize Kwale na Mbwa Walioheshimiana

Hapo zamani za kale, wanangu, mbwa walipokuwa bado na miji yao na wakubwa wao, walikuwa na shindano moja walilolipenda kuliko nyama. Lilikuwa shindano la kumtafuta kwale kwa pua.

Msidhani ni kumkamata! Kumkamata ni kazi ya paka mwenye njaa. Mbwa hawa wa manyoya marefu, mikia kama mafagio, walikimbia uwandani wakinusa. Mmoja akishaipata harufu ya kwale majanini, hapohapo anaganda: mguu mmoja juu, mkia umenyooka, habweki, hasemi. Anabaki hivyo mpaka mwamuzi afike amwone ndege kwa macho yake.

Na ilikuwapo sheria kubwa kuliko zote. Mwenzako akiganda, nawe ganda. Ndege ni wake. Usimpite, usimsemeshe, usitikisike. Mbwa aliyeivunja sheria hiyo alichekwa hata na wanawe wanaonyonya.

Mshindi alivishwa mkanda wa njuga shingoni. Na kwale aliyegunduliwa? Huyo alihama siku ileile, yeye na mumewe, wala hakurudi tena. Ndivyo walivyokubaliana wanyama wote. Kwale hawakuulizwa.

Mwaka ule fainali ikaangukia uwanda wa Nyasini, nyumbani kwa Bi Mize Kwale. Bi Mize alikuwa mdogo wa umbo, lakini majivuno yake yangemtosha mbuni. Chini ya kifua chake alikuwa ameatamia mayai tisa, na siku hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kuanguliwa.

"Mama watoto, tufungashe!" mumewe, Mbaruku, alikuwa akizunguka kiota, tiri tiri tiri. "Nimewaona! Jabali amekuja, yule mwenye kifua kama mlango. Na Tarishi amekuja, yule ambaye mbio zake hata upepo unamwomba amsubiri!"

"Tufungashe nini, baba watoto? Mayai yana miguu?"

"Tutataga mengine."

Bi Mize alimtazama mumewe mpaka yule bwana akainamisha kichwa. Mayai yale aliyageuza mwenyewe siku ishirini na mbili, moja moja, mvua ikinyesha.

"Nitataga mengine mwakani," alisema. "Haya ni ya mwaka huu. Haya niambie, uwandani asipoonekana kwale mpaka jua la utosi, inakuwaje?"

"Wanatangaza kwamba hauna kwale. Hawarudi tena. Lakini Mize, haijawahi kutokea!"

"Basi leo itatokea. Na mwamuzi ni nani?"

"Kinyonga. Jicho moja kwa Jabali, jingine kwa Tarishi, asipendelee mtu."

Bi Mize akacheka, kwe kwe kwe! "Kinyonga? Yule anayeinua mguu asubuhi akautua adhuhuri? Baba watoto, njoo ukae juu ya mayai. Kaa kimya. Ukiogopa, ogopa kwa ndani."

Pwaa! Pembe ikapulizwa. Jamaa za mbwa walijaa kandokando ya uwanda, vigelegele huku, vifijo kule. Jabali akaingia kutoka mashariki, Tarishi kutoka magharibi. Wanangu, hata Bi Mize mwenyewe alikiri moyoni kwamba walipendeza. Manyoya yakipepea, pua juu, wanakata uwanda kwenda na kurudi kama mfumaji anayerusha uzi. Alijisikia fahari kidogo kwamba wakubwa wale walitoka mbali kwa ajili ya ndege wa kimo chake.

Lakini walikuwa wanakaribia. Jabali alikuwa amebakiza hatua kumi kufika kwenye kiota. Tisa. Nane.

Bi Mize akatoka chini ya majani mbio, tiri tiri tiri, akafika mahali ambapo swala walikuwa wamekula nyasi zikawa fupi, mbwa wakaweza kuonana. Akakwaruza kijiti kikavu mbele ya Jabali, kwaru! kisha akapotea.

Jabali akasimama. Mguu juu. "Ni nini kile?" akajiuliza, akatega sikio.

Bi Mize hakungoja. Alikwisha kuzunguka kule ambako upepo haukupeleka harufu yake kwa mbwa, mpaka upande wa Tarishi. Kwaru! Akapotea tena.

Tarishi naye akasimama. Mguu juu. Akatega sikio.

Wote wawili wakainua macho kwa wakati mmoja.

"Lo!" akawaza Jabali. "Tarishi ameganda! Amempata!"

"Lahaula!" akawaza Tarishi. "Jabali ameganda! Kanitangulia!"

Na kwa kuwa wote walikuwa mbwa wa heshima, wana wa mabingwa, wajukuu wa mabingwa, kila mmoja alinyoosha mkia akaganda kumheshimu mwenziwe.

"Wamegaaanda!" umati ukapiga kelele. "Mwamuzi! Mwamuzi!"

"Nakuja," alisema Kinyonga. Akainua mguu. Akafikiri. Akautua.

Jua likapanda. Siafu wakaukuta mguu wa Jabali, wakaanza safari, wanauma wanapanda, wanauma wanapanda. Machozi yalimtoka, lakini hakutikisika. Mbung'o akatua puani pa Tarishi akanywa mpaka akashiba. Tarishi hakupepesa hata jicho. Jamaa zao waliona, wakalia kwa fahari.

"Mwanangu huyo!" alisema mama yake Jabali. "Nilimlea kwa maziwa yangu!"

"Na wangu je?" alijibu mama yake Tarishi. "Tazama mkia ule! Hata fimbo imepinda ukiilinganisha nao!"

Bi Mize alirudi kiotani kwa kunyata, akamsukuma mumewe kando, akakalia mayai yake. Mara, tik! Yai moja likapasuka. Tik! Tik! La pili, la tatu. Mbaruku akashikwa na woga hata mdomo ukabaki wazi, kwa sababu Jabali alikuwa hatua nane tu kutoka pale, na masikio yake yalikuwa yamesimama.

Jabali alisikia. Harufu ya vifaranga ikamfikia puani, mbichi kabisa. Lakini angefanyaje? Angegeuza kichwa angemvunjia mwenzake heshima mbele ya umma. "Hivi ni vidogo," alijiambia. "Yule kapata mkubwa."

Kinyonga alifika jua likiwa utosini.

"Haya," alisema. "Tarishi, ndege yuko wapi?"

"Mwulize Jabali, mheshimiwa. Mimi nimemheshimu tu."

"Jabali, ndege yuko wapi?"

"Nani, mimi? Mimi ndiye niliyemheshimu yeye!"

"Wewe uliganda kwanza!"

"Wewe!"

"Nilikuona kwa macho yangu!"

"Nami nilikuona kwa yangu!"

Kinyonga alizungusha jicho lake la kulia likawatazama mbwa. La kushoto likazunguka polepole, likafika kwenye kiota, likakaa hapo. Bi Mize aliacha kupumua. Jicho likamtazama yeye, likatazama maganda ya mayai, kisha likaenda zake.

"Sheria inasema ndege aonyeshwe na mbwa," alisema Kinyonga. "Haisemi aonyeshwe na mwamuzi. Jua ni la utosi. Natangaza kwamba Nyasini hakuna kwale."

Umati ukatawanyika ukinung'unika. Mkanda wa njuga ukarudishwa mfukoni. Jabali na Tarishi wakaondoka wakibishana, wakavuka kijito, wakapanda mlima wa ng'ambo.

Bi Mize alikuwa na vifaranga tisa chini ya mbawa, na maneno tisini kooni. Tangu asubuhi alitamani kupiga kelele, "Ni mimi! Ni mimi, mkubwa kama ngumi, niliyewasimamisha!" Aliyameza. Alihesabu mpaka mbwa wakawa wadogo kule ng'ambo.

"Sasa," akamwambia mumewe, "shika watoto."

Akapanda juu ya kichuguu, akatunisha kifua, akaita kwa sauti yote aliyopewa na Mungu:

"Kwaree! Kwaree! Kwa-kwa-kwaree! Nyasini kuna wenyewe!"

Vifaranga tisa wakamtazama mama yao kwa mdomo wazi. Mbaruku alijisahau, akapiga mbawa, akaita naye.

Kule mlimani Jabali alisikia. Akasimama, mguu mmoja juu, atege sikio vizuri.

Tarishi akamwona. "Lo!" akawaza. "Safari hii amempata kweli!" Akanyoosha mkia, akaganda.

Jabali akageuza jicho, akamwona Tarishi ameganda. "Lahaula!" akawaza. "Kanitangulia tena!" Naye akanyoosha mkia.

Wakangoja mwamuzi. Na mwamuzi, wanangu, alikuwa bado katikati ya uwanda wa Nyasini, anafikiria mguu wa pili.

Ukisimama kwa sababu tu mwenzako kasimama, hutajua kamwe ndege yuko wapi.