Ijumaa ya Maji Machafu

Wapo watu ambao wakishindwa husingizia jua, upepo au mwamuzi. Hao wahenga hawakuwahesabu kuwa ni washindani, na Hetty Clegg nusura awe mmoja wao.

Mwaka 1911 Hetty alikuwa mfumaji katika kiwanda cha pamba, jimbo la Lankasha, Uingereza. Bwawa la kuogelea la mji wao lilijazwa maji safi kila Jumatatu. Wanaume waliogelea hadi Alhamisi, wanawake wakaachiwa Ijumaa, maji yakiwa yamegeuka kama ya kuoshea vyombo. Hetty hakujali. Kwa miaka mitatu hakuna msichana aliyempita katika yadi mia za mtindo huru, na sasa mshindi angeingia timu ya jimbo, aende kushindana London. Hakutamani kitu kingine duniani.

Siku ya mashindano, Ijumaa kama kawaida, mgeni kutoka mji wa Bolton, Mabel Shawcross, alikwenda naye bega kwa bega. Hetty alinyoosha mkono aguse ukuta, ukaangukia juu ya vidole vya Mabel vilivyokwisha kufika. Mwamuzi, Bwana Entwistle, hakuona kitu chini ya maji yale. Aliuona mkono wa juu tu.

"Clegg mshindi," akatangaza.

Wafumaji wakashangilia. Mabel akaanza kutoka majini, ugenini nani angemsadiki? Hetty akamtazama.

"Bwana Entwistle, si mimi," akasema. "Mimi nimegusa vidole vyake. Yeye ndiye aliyegusa ukuta."

"We Hetty, una wazimu?" shangazi yake Agnes akafoka kutoka kwenye benchi. "Nani kakuuliza?"

"Hakuna, shangazi. Lakini nimeshindwa."

Iliuma, tena sana. Alikwenda chumba cha kubadilishia nguo akalia kwa kwikwi. Mabel alipomfuata na taulo, Hetty akafuta machozi, akauliza jambo ambalo mbishi asingeliuliza kamwe.

"Hebu niambie, umenipitaje?"

"Miguu yako hiyo. Unaifungua na kuifunga kama mkasi, mambo ya enzi za bibi yangu. Ipigepige, mmoja juu mmoja chini, bila kupumzika. Njoo nikuonyeshe."

"Sasa hivi? Kwenye uchafu ule?"

"Wewe si umeuzoea? Wa kulalamika ni mimi."

Mwaka mzima Hetty alijifunza upya. Alimeza maji, akachekwa, na shangazi Agnes akasema anatapatapa kama bata aliyefungwa miguu. Mashindano yaliporudi aligusa ukuta Mabel akiwa bado nyuma yake, na mwamuzi hakuwa na la kukisia.

"Ningejua ningefunga mdomo wangu," Mabel akasema akihema, kisha akacheka na kumpa mkono. "Umenishinda, dada."

Hetty alikwenda London, akaogelea miaka saba zaidi, akishinda huku na kushindwa kule, na kila alipopitwa alimwendea aliyempita na kumuuliza amefanyaje. Ama kweli, asiyekubali kushindwa si mshindani.