Kanda Iliyopita Mara Moja

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, chumbani kwa Mzee Mbonea mjini Same walikuwepo watu watano. Alikuwepo Mzee Mbonea mwenyewe, mkusanyaji wa mitambo ya kale ya televisheni. Alikuwepo Bi Nusura, aliyewahi kuwa mfagiaji wa kituo cha televisheni kilichokwisha kufungwa. Alikuwepo Chausiku, mwoka mikate. Alikuwepo Namsifu, mzazi wa siku kumi na tisa. Na alikuwepo binti yake, ambaye hakuwa na jina bado.

Wote walikuwa wamechoka. Namsifu alichoka kwa kunyonyesha. Wenzake walichoka kwa ajili ya Namsifu.

Katika ukoo wao, mtoto wa kwanza hupewa jina na bibi mzaa mama. Lakini Salome, mama yake Namsifu, alifariki Namsifu akiwa na miezi saba, na baadaye nyumba iliungua na picha zake zote. Namsifu hakuijua sura ya mama yake. Alijua kwamba alikuwa muuguzi, na kwamba aliwahi kuonekana kwenye televisheni akifundisha kuogesha watoto wachanga. Basi akasema, "Atakayenionyesha mama yangu, huyo ndiye atakayempa mtoto jina kwa niaba yake."

Wa kwanza kusikia alikuwa Bi Nusura. Aliinama uvunguni mwa kitanda chake, akatoa kanda nene kama kitabu cha nyimbo. Pale kituoni kanda zilikuwa chache. Kipindi kikishaonyeshwa, kingine kilirekodiwa juu yake. Salome alipofariki, Bi Nusura aliikuta kanda ile ya kipindi chake kwenye rundo la kurekodiwa upya, akaificha chini ya matambara yake. Akaulizwa, akanyamaza. Akafukuzwa kazi. Miaka ishirini na tano aliitunza.

"Mbona hukunipa, bibi?" Namsifu aliuliza.

"Ningekupa uicheze kwenye nini, mwanangu? Kukupa mama asiyefunguka ni kukuumiza tu."

Wa pili alikuwa Mzee Mbonea. Chumba chake kilijaa kamera nzito kama watoto wa ng'ombe, vioo vya kutazamia picha, na meza ya kuchanganyia picha yenye vitufe vingi. Kila siku alichomeka waya huu, akachomoa ule, aone picha itatoka na rangi gani.

"Mzee, hapa kwako ni makaburini," Bi Nusura alimtania.

"Makaburini hakuna bili ya umeme, Bi Nusura."

Mashine ya kuchezea kanda ile alikuwa nayo, lakini kichwa chake, kile kidude kinachosoma picha, kilikuwa kimelika. Kichwa kizima kilibaki kimoja. Alikihifadhi kwenye pamba kwa ajili ya kanda ya harusi yake, apate kumwona marehemu mkewe Namkunda, siku atakapopata moyo wa kumtazama. Alikitoa kwenye pamba, akakifunga mashineni.

"Sikilizeni," alisema. "Kanda hii imeingia unyevu, inanata. Kwanza ikaushwe kwa joto dogo, muda wa saa nane bila kukatiza. Hata hivyo itapita mara moja tu. Itabanduka unga, kanda itakwisha, na kichwa kitakwisha nayo."

Wa tatu alikuwa Chausiku. Alitoa mikate tanurini, akaiingiza kanda, akaacha unga wake uliokandwa uchachuke mpaka ukafurika karai. Kwa saa nane nzima alikaa mbele ya tanuri, akipima joto kwa kiwiko, kama mama apimavyo maji ya mtoto. Likizidi, alitoa kaa. Likipungua, alilirudisha.

"Chausiku, leo unaoka nini?" majirani walicheka.

"Naoka bibi wa mtu. Ondokeni mlangoni, mnaniletea upepo!"

Basi siku ile wakakaa tayari. Mzee Mbonea alishika kirungu cha kutuliza picha, maana akikiachia, picha inakimbia. Bi Nusura alishikilia waya uliolegea nyuma ya mashine. Chausiku aliwekwa kwenye kitufe cha mashine ndogo ya kunakili. "Nikisema sasa, bonyeza," Mzee alimwambia.

Kanda ikazunguka. Zikaja chenga, ikaja mistari. Ndani ya chenga akaonekana mwanamke mwembamba mwenye beseni. Hapohapo mtoto akaanza kulia. Namsifu akainuka nusu.

"Kaa, mdogo wangu. Mtazame mamako," Chausiku alisema. Akambeba mtoto mgongoni, akatoka naye uani.

"Sasa!" Mzee alisema.

Kitufe hakikuwa na mtu.

"Namsifu, bonyeza! Namsifu!"

Namsifu hakusikia. Kwenye kioo, Salome alikuwa ameinua mtoto kutoka kwenye beseni, akicheka, akisema, "Huyu ni Namsifu wangu. Hapendi maji ya baridi."

Zilikuwa dakika saba. Kisha kioo kikawa cheusi, na unga ukamwagika chini ya mashine kama masizi.

Ndipo kila mmoja akasema lake.

Bi Nusura alisema, "Ningeiacha ifutwe, mngecheza nini? Mngeoka nini? Nilichoka miaka ishirini na tano, wala sina mtoto. Aitwe Nusura."

Mzee Mbonea alisema, "Kanda bila mashine ni utepe tu. Nimetoa kichwa changu cha mwisho, mke wangu sitamwona tena. Aitwe Namkunda. Chausiku asidai, ametukosesha nakala."

Chausiku alisema, "Ni kweli, nimeikosesha. Lakini bila tanuri langu mngeona nini? Hata chenga msingeona."

"Ungebonyeza, ndipo umbebe!"

"Ulikuwa hujasema sasa, Mzee. Mtoto akilia, nani anangoja sasa?"

"Nakala angeitazama kila siku," Bi Nusura alisema taratibu.

"Najua, bibi. Lakini dakika saba hizo hakulazimika kugeuza jicho hata mara moja. Na kati yetu wote, ni mimi tu ambaye sikumwona Salome vizuri. Aitwe Tulizo."

Walipomgeukia Namsifu, alikuwa amelala palepale kwenye kiti. Bi Nusura alimtilia mto shingoni. Mzee Mbonea alizima mitambo isimpigie kelele. Chausiku aliendelea kumbeba mtoto. Wakabishana hadi jua likazama, kwa sauti ya chini, ili asiamke.

Mtoto alitimiza miezi mitatu akiitwa Mtoto.

Basi ninyi mnaonisikiliza: yuko aliyeificha kanda akapoteza kazi, yuko aliyetoa kichwa akampoteza mkewe mara ya pili, na yuko aliyeikausha kanda akaacha kitufe kwa kilio cha mtoto. Je, nani alistahili kumpa jina?