Mume Aliyetoka Kitabuni

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa mji, mjini pakawa maktaba, maktabani pakawa kitabu kisicho na mwisho.

Basi sogeeni, na wa nyuma anyamaze.

Hapo kale, lakini si kale sana, kwa kuwa taa za umeme zilikwisha kuwako na majumba ya ghorofa yalikwisha kupanda, paliondokea mwanamke katika mji mmoja mkubwa. Jina lake Mashavu. Kazi yake ilikuwa ukutubi: kutunza vitabu vya maktaba ya mji, kuviazimisha, na kuwafuata watu majumbani visiporudi.

Mashavu alikuwa na jambo ambalo watu hawakulijua. Akifungua kitabu, akasoma mstari kwa sauti, kisha akasema, "Uliyemo, toka," basi kilichoandikwa kilitoka. Umeme ukikatika alisoma taa, nayo taa ikatoka inawaka. Mvua ikimkuta kazini alisoma mwavuli. Siku za joto alisoma upepo wa mlimani, na wasomaji wakafunga vifungo vya mashati wakidhani ni feni.

Uganga huo alifundishwa na mkutubi aliyemtangulia, Mzee Farijala, kabla hajafariki. Naye alimwachia masharti.

"Maneno uliyoyatoa hayarudi," alimwambia. "Ukurasa unabaki mweupe. Kwa hiyo usitoe ovyo."

"Sawa, mzee."

"Kitu hutoka kama kilivyoandikwa, si kama unavyotaka wewe. Wala usiruke mstari."

"Sawa, mzee."

"Toa taa, toa mwavuli, toa hata jamvi la kukalia. Lakini chenye roho usitoe."

"Sawa, mzee," alisema Mashavu, na kwa miaka mingi akayashika.

Alikuwa akiishi peke yake, katika nyumba ndogo nyuma ya maktaba. Wazazi walikwisha kufa, na wachumba waliokuja zamani walikuja wakaondoka. Getini pa maktaba alikaa mama mmoja mchoma vitumbua, jina lake Kibibi, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye sauti yake ilifika hadi rafu za mwisho. Kila asubuhi Kibibi alimwita, "Shoga, njoo ukae, hivi vya moto!"

"Nina kazi, shoga," alijibu Mashavu. Alichukua kitumbua chake, akaingia ndani.

Jioni alifunga maktaba, akapika, akala, akaosha sahani moja. Hakuna aliyemuuliza ameshindaje. Alijiona hana mtu duniani.

Siku moja alikuwa akipanga vitabu vya zamani, akakuta kitabu cha ngano kilicholiwa na mchwa. Mwanzo wake ulikuwapo, katikati yake ilikuwapo, mwisho wake haukuwapo. Akasoma mpaka pale mchwa walipoanzia, na mstari wa mwisho ulisema hivi: "Akaja bwana mmoja, mzuri wa sura, mpole wa sauti, hana nyumba wala ndugu, anatafuta mke."

Mashavu akakifunga kitabu. Akakifungua tena. Akautazama mstari ule kama mtu anavyotazama chakula cha jirani.

Alikumbuka maneno ya Mzee Farijala, tena aliyakumbuka vizuri. Lakini maktaba ilikuwa kimya, na nyumbani kulikuwa kimya zaidi. Akasoma kwa sauti, kisha akasema, "Uliyemo, toka."

Ukurasa ukawa mweupe, na mbele ya meza yake akasimama bwana mmoja, mzuri wa sura.

"Hujambo, bibie," alisema kwa upole. "Ninatafuta mke."

Basi wakaoana. Yule bwana akajiita Shani, kwa kuwa kitabu hakikumpa jina. Mji ukashangaa kidogo, kisha ukaendelea na mambo yake.

Kibibi peke yake hakuridhika. "Shoga, huyo mumeo ana mama?"

"Hana."

"Ana shangazi? Mjomba?"

"Hana hata mmoja. Sina mawifi, Kibibi. Nani kama mimi?"

"Mtu hana hata wa kumsengenya nyumbani kwao?" Kibibi alitikisa kichwa, akageuza vitumbua vyake. "Mimi simwelewi."

Mashavu akakasirika. Tangu siku hiyo alipita getini bila kusimama.

Na kweli, jioni zake zilikuwa nzuri. Alipoingia tu, Shani alisema kwa sauti ile ya upole, "Mke wangu, umeshindaje leo?" Mashavu akamsimulia nani kaazima nini, nani kachana nini, na yeye akasikiliza. Jambo lililomsumbua lilikuwa moja tu. Shani alikula sana.

Alikula sufuria ya wali. "Mume wangu, umeshiba?"

"Bado kidogo."

Siku nyingine alikula wali, na ndizi, na mkate wa kesho. "Mume wangu, umeshiba?"

"Bado kidogo."

Basi mbuzi weupe wa jirani wakapotea. Watu wakasema ni wezi. Shani alirudi nyumbani anajilamba midomo. "Mume wangu, umeshiba?"

"Bado kidogo."

Kisha akapotea mlinzi wa maktaba, pamoja na kiti chake. Watu wakasema amehamia mji mwingine. Mashavu naye akasema hivyohivyo, ingawa moyo ulimwambia vingine, na usiku huo aligeukia ukutani.

Siku moja asubuhi alipita getini, akakuta jiko la Kibibi linawaka. Mafuta yalikuwa yanachemka, na vitumbua vilikuwa vinaungua ndani ya chuma chake cha kukaangia. Kibibi hayupo. Akaita, "Kibibi!" Kimya. "Kibibi!" Kimya. Akaita mara ya tatu, na sauti yake mwenyewe ikamrudia kutoka kwenye ukuta wa maktaba.

Akaepua chuma kile, akakiweka chini, akarudi nyumbani mbio.

Shani alikuwa amelala kifudifudi kitandani, tumbo limetuna, na kwa mara ya kwanza tangu waoane alikuwa amevua shati.

"Mke wangu, umekuja wakati mzuri," alisema. "Nikune mgongo. Unaniwasha."

Mashavu akasogea. Mgongo ule ulikuwa umejaa maandishi, mistari myeusi iliyonyooka kama ya kitabu. Mstari wa juu ulisema, "Mbuzi weupe wa jirani." Wa chini yake ulisema, "Mlinzi aliyelala kitini." Na wa tatu ulikuwa bado mbichi, wino unang'aa: "Mwanamke mnene, mwenye kelele, anayenukia vitumbua."

Sasa alijua alichokitoa kitabuni. Alijua pia kwamba akipiga kelele atafuata yeye. Lakini Mashavu alikuwa mtu wa vitabu, na mgongo ule ulikuwa kitabu.

"Mbona hukuni?" aliuliza Shani.

"Nakuna, mume wangu. Lala."

Akamkuna taratibu. Akasoma mstari wa kwanza kwa sauti ndogo, akasema, "Uliyemo, toka." Mara mbuzi wakatapakaa chumba kizima, meee, meee, wakatoka mlangoni wanasukumana.

Shani akashtuka. "Sauti gani hiyo?"

"Mbuzi wanapita dirishani. Lala, mume wangu."

Akasoma mstari wa pili. "Uliyemo, toka." Mlinzi akatokea pembeni mwa kitanda, amelala juu ya kiti chake, anakoroma kama mashine ya kusaga.

"Sauti gani hiyo?"

"Ni wewe, mume wangu, unakoroma. Lala."

Kitanda kilikuwa kimeanza kuinuka, kwa kuwa uzito ulipungua. Mashavu akasoma mstari wa tatu. Hakuruka hata neno. "Uliyemo, toka."

Kibibi akatoka. Naye alitoka kama alivyoandikwa.

"Uuuuwi! Uwi, jamani! Nafa miye! Uwiii!"

Kwa kelele ile hapakuwa na wa kumsingizia. Shani akaruka kutoka kitandani, akageuka, na sura ile nzuri ikamtoka kama ngozi ya kitunguu. Mdomo ukapasuka hadi masikioni, kucha zikarefuka, macho yakawa kama makaa. Zimwi! Zimwi lenyewe, limesimama chumbani.

"Umeniibia," likanguruma. "Nina njaa tena. Nitaanza na wewe."

Mashavu akarudi nyuma hadi ukutani. Kibibi alikwisha kutoka mbio, mlinzi anaendelea kukoroma. Hapo ndipo alipoona kifua cha zimwi. Kifuani palikuwa na ule mstari alioutoa kitabuni, na chini yake palikuwa na maneno ambayo mchwa walikuwa wameyala: "Kumbe bwana yule ni zimwi, na mtu akimsoma mpaka mwisho, hapo anakwisha."

Akafungua mdomo. "Akaja bwana mmoja, mzuri wa sura..."

Zimwi likasimama. Likaona macho ya Mashavu yanatembea juu ya kifua chake, likaelewa. Mara lile umbo la kutisha likarudi ndani, na mbele ya Mashavu akasimama Shani yuleyule, na sauti yake ileile.

"Mashavu, mke wangu. Ukinisoma mpaka mwisho sitakuwapo. Jioni ukirudi, nani atakuuliza umeshindaje?"

Mashavu akaacha kusoma. Siku hizi aliosha sahani mbili, na alipenda kuziosha. Mtu asiyewahi kuishi peke yake atasema hilo ni jambo dogo.

"Nitajizuia," alisema Shani. "Nitakula wali tu. Kaa nami."

"Umeshiba?" aliuliza Mashavu.

Shani alitaka kusema ndiyo. Mdomo wake ulijaribu. Lakini yeye alikuwa kama alivyoandikwa, na uwongo huo haukuandikwa. "Bado kidogo," alisema, na machozi yakamtoka.

Basi Mashavu akasoma. Alisoma huku naye analia, mstari kwa mstari, mpaka neno la mwisho. Kisha akasema, "Uliyemo, toka."

Kikatoka kitu kama pumzi, kikapita dirishani. Sakafuni ilibaki ngozi tupu, kavu, nyepesi kama gazeti, haina hata herufi. Mashavu akaikunja, akaipeleka getini, akaitia katika jiko la Kibibi lililokuwa bado lina moto. Ikawaka mara moja, ikaisha.

Mnadhani hadithi imekwisha? Bado.

Kibibi alikuwa amesimama kando ya jiko lake, anatazama vitumbua vilivyoungua.

"Kibibi," alisema Mashavu. "Shoga yangu, umepona!"

Kibibi akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Samahani, dada. Tunajuana?"

Mashavu akadhani ni utani. Kibibi alikuwa mtu wa utani. Lakini macho yake yalikuwa ya mtu anayemtazama mteja.

Ndipo alipoelewa. Zimwi liliandika unene wa Kibibi, na kelele zake, na harufu ya vitumbua. Mengine halikuyaandika. Urafiki wao halikuujua, kwa hiyo haukutoka. Hata mlinzi, aliyetikiswa mpaka akafumbua macho, hajawahi kuamka sawasawa. Aliandikwa amelala, na mpaka leo anapiga miayo akitembea.

Mashavu akaingia maktabani, akakaa kitini kwake. Alitazama rafu moja baada ya nyingine. Kitabu chenye urafiki wake na Kibibi hakikuwamo, kwa kuwa hakuna aliyekiandika. Hapakuwa na cha kusoma wala cha kutoa. Akalia pale mpaka msomaji mmoja akamuuliza kama maktaba imefungwa.

Kesho yake asubuhi hakupita getini. Alisimama.

"Nikupe ngapi, dada?" aliuliza Kibibi.

"Kimoja. Mimi naitwa Mashavu. Nafanya kazi humo ndani."

"Haya," alisema Kibibi, akamgeukia mteja mwingine.

Siku iliyofuata akasimama tena. "Mimi naitwa Mashavu. Nyumba yangu ni ile ya nyuma."

"Ndiyo, jana ulisema."

Siku nyingine akaja na kigoda chake mwenyewe. Akakiweka karibu na jiko, akaketi, akaanza kusimulia: nani kaazima nini, nani kachana nini, na mzee mmoja aliyerudisha kitabu kina mchuzi kila ukurasa. Kibibi akaendelea kumimina uji wa vitumbua ndani ya chuma. Ilipofika habari ya mchuzi, kifua kikatikisika kwa kicheko.

"Dada, wewe unaongea sana," alisema. Akamtolea kitumbua cha moto, akakiweka juu ya kipande cha karatasi. "Haya, kaa. Lakini hama huko, upande huo moshi utakuumiza macho."

Mashavu akahamisha kigoda.

Basi, wanangu, mgeni msimfungulie mlango kabla hamjajua habari zake zote, hasa zile asizozisema. Na aliye karibu nanyi kila asubuhi, akiwaita mkae, kaeni.

Ngano yangu imefika ukingoni. Mimi nimenyamaza, anayetaka kuongeza na aongeze.