Besi ya Kutikisa Vikombe

Bwana Kilua aliandika kwenye jarida la redio na spika, na neno lake moja lilitosha kufunga duka la mtu. Siku moja alimwendea Zamoyoni, fundi aliyeunda spika zake mwenyewe pale Tanga.

"Niletee spika mbili nyumbani, ziwe zangu moja kwa moja. La sivyo nitaandika kwamba zinakoroma."

"Hilo tu, bwana? Kesho utazipata."

Kesho yake Kilua alipokea maboksi mawili mazito, yamezungushiwa solotepu. Mwezi uliofuata jarida likatoka: "Nimezisikiliza wiki nzima. Besi yake inatikisa vikombe kabatini!" Watu wakafurika dukani kwa Zamoyoni, wakajisikilizia wenyewe, wakanunua.

Asubuhi moja Kilua akaingia dukani humo anahema, nyuma yake mkokoteni uliobeba yale maboksi.

"Tapeli mkubwa we! Leo mpwa wangu anaoa, nafungua maboksi tupige muziki, nakuta matofali!"

"Kumbe umeyafungua leo?"

Wateja wakaanza kucheka.

"Basi niachie hayo hapo hapo, bwana," akasema Zamoyoni. "Matofali ya kutikisa vikombe hata mimi sijawahi kuyasikia."